Gari likianza kulia Goma: jinsi ya kuisikiliza kelele na kuongea na fundi kabla hajafungua boloni

Asubuhi moja nilitoka mtaa wa Himbi kuelekea Ndosho, hapa Goma, gurudumu la mbele likaanza kulia kama mtu anayekwangua sufuria kwa kisu. Lililia bila kupumua, hadi wapita njia wakawa wanageuka kutazama. Nikakata moja kwa moja hadi garajini, na kosa nililifanya kabla hata sijashuka. Nilimwambia fundi, "Plaketi zimekwisha," yaani vile vipande vinavyobana disiki ya gurudumu ukikanyaga fre. Hakubisha. Alivua gurudumu, akaleta plaketi mpya, akafunga, nikalipa. Sijafika mbali, kelele ikarudi ile ile.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Katindo, hakutaja piesi yoyote. Aliuliza tu: "Mama, inalia ukikanyaga fre, ao hata usipokanyaga?" Nikamjibu hata nisipokanyaga. Akavua gurudumu, akapitisha bisibisi nyembamba kati ya disiki na ile tole (bati) inayoikinga kwa nyuma, akaikunja tole kidogo, na kijiwe cheusi kikaanguka kiganjani mwake. Jiwe la volkano, dogo kuliko punje ya hindi, upande mmoja limesuguliwa na disiki mpaka linang'aa. Plaketi zangu za zamani hazikuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo siendi garajini na jina la piesi. Naenda na maelezo ya kelele. Ukitaja piesi, utabadilishiwa piesi, na huwezi hata kusema umedanganywa, maana fundi amefanya ulichomwagiza. Ukieleza kelele, unamwachia kazi yake, nayo ni kutafuta.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko miji mingine. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ndani ya mitaa mingi tunaendesha juu ya mawe matupu hadi leo. Gari linachakaa kuanzia chini: rotile (vifundo vinavyounganisha gurudumu na mikono yake), amortiseri (zinazotuliza mtikisiko), na biyeleti na silambloki nitakazozieleza chini. Piesi hizo zikilegea zinatoa sauti zinazofanana sana, na ndiyo sababu watu hubadilisha tatu nzima kabla ya kuifikia moja iliyooza.

Kabla ya yote: kelele zinazokukataza kuendelea

Ukisikia mlio mzito wa kugonga ndani ya moteri, ngo-ngo-ngo, na taa nyekundu ya mafuta ya moteri imewaka, egesha na uzime papo hapo. Usiseme nifike nyumbani kwanza. Dakika chache bila mafuta zinatosha kuua moteri nzima. Vilevile chuma kinachosaga chuma unapokanyaga fre, pedali ya fre inayozama kuliko kawaida, au gurudumu linalogonga huku volani (usukani) ikitetemeka. Hili la mwisho, hasa ukiwa umetoka kubadilisha tairi jana au leo, shuka ukague boloni za gurudumu kabla ya kuwaza kingine chochote. Mara nyingi zimeachwa bila kukazwa vizuri, na gurudumu linaweza kuchomoka ukiwa njiani.

Kelele nyingine zote zinakupa muda. Utumie huo muda.

Hatua ya 1: Ondoa kelele za uongo

Toa kila kitu ndani ya buti: kriki (jeki), spana, kidumu, tairi la akiba kama halikufungwa. Toa chupa chini ya viti. Zunguka na gari dakika tano kwenye mawe yale yale. Jirani yangu alikuwa tayari ameagiza amortiseri za nyuma, kumbe aliyekuwa akigonga ni kriki yake iliyoruka kutoka mahali pake.

Halafu piga magoti uchungulie chini. Ile tole ya kuzuia joto juu ya bomba la moshi hushika kutu, boloni yake ikaanguka, ikaanza kulia dzzz gari likiwa limesimama moteri inanguruma. Ni kelele ya kutisha, na dawa yake ni boloni moja au kipande cha waya. Usiguse bomba likiwa la moto.

Hatua ya 2: Iandike kelele

Chukua karatasi au simu, ujibu maswali haya kwa maneno yako ya kawaida. Inatoka asubuhi moteri ikiwa baridi, au baada ya kuendesha? Gari likisimama ipo? Inaongezeka na mwendo wa gari, au na mlio wa moteri? Inakuja ukikata kona, ukipanda jiwe, ukikanyaga fre, ukiongeza mwendo? Ni kugonga, kusaga, kulia kwa sauti nyembamba, au kuvuma? Ilianza lini, na siku ile gari lilifanyiwa nini?

Swali la mwisho watu hulisahau, nami naliweka nafasi ya kwanza. Kelele nyingi huzaliwa siku moja au mbili baada ya gari kutoka garajini, au baada ya kuangukia shimo ambalo unalikumbuka vizuri sana.

Neno moja kuhusu upande. Wengi wetu tunaendesha magari ya Kijapani yenye volani kulia, katika nchi ambayo tunapita kulia. Maana yake umekaa karibu na ukingo wa barabara, na sikio lako lipo juu ya gurudumu la kulia. Kelele ya upande wa kulia unaisikia kubwa. Ya kushoto inakufikia imepungua, au inajirudisha kwenye ukuta wa jirani na unadhani imetoka huko. Basi mpe volani mtu unayemwamini, wewe ukae kushoto, kisha uhamie kiti cha nyuma. Vioo vifunguliwe. Pita karibu na ukuta mrefu polepole, sauti inarudi wazi. Na mtu mwingine atembee kando ya gari huku likienda mwendo wa miguu. Hao wanaosikiliza kutoka nje mara nyingi wanakuonyesha gurudumu kwa kidole mara moja.

Rekodi kwa simu pia. Kelele zina tabia ya kunyamaza mbele ya fundi.

Hatua ya 3: Moteri au magurudumu?

Gari likiwa limesimama, vitesi (gia) haijaingia, fre ya mkono imevutwa, ongeza moteri polepole. Kelele ikitoka hapo na kupanda pamoja na moteri, chanzo kipo chini ya kapo (kifuniko cha moteri) au kwenye bomba la moshi. Isipotoka, nenda barabara tambarare isiyo na watu, fikisha kama kilomita 40 kwa saa, weka vitesi kati kwa sekunde chache tu. Moteri imepungua lakini kelele inaendelea vile vile? Ni magurudumu, rulema (beringi ya gurudumu), kardani (ekseli inayozungusha gurudumu), fre au tairi zenyewe. Usifanye hivi kwenye mteremko, na usizime moteri gari likitembea: fre inakuwa ngumu na volani nzito.

Ni jaribio la dakika mbili, na linakata nusu ya gari kwenye orodha ya washukiwa.

Hatua ya 4: Sauti na washukiwa wake

Kugonga koto-koto ukipita mawe madogo kwa mwendo mdogo: anza na biyeleti, ule mkono mwembamba wenye kifundo kila ncha unaoshika baa ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Kwa magari niliyoyaona hapa, ndio huchoka mapema, bei yake ni ndogo, na lawama zake zote huangukia amortiseri ambayo ni ghali. Magurudumu yakiwa chini na moteri imezimwa, ushike kwa mkono uutikise. Ukicheza, umeupata. Amortiseri iliyokufa hujitambulisha namna nyingine: inalowa mafuta, na ukiibonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha kuiachia, gari linapanda na kushuka zaidi ya mara mbili badala ya kutulia.

Kugonga mara moja, tup, unapoanza kuondoka au unapokanyaga fre: silambloki za mkono wa chini, ile mipira ndani ya chuma, au vishikio vya moteri. Tazama kama mpira umepasuka.

Tak-tak-tak ukikata kona na kuongeza mwendo: kardani. Nenda uwanjani, kunja volani hadi mwisho upande mmoja, zunguka polepole, halafu upande wa pili. Kisha chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele. Kifuko cha mpira cha kardani kikipasuka, grisi nyeusi hutapakaa kwa mduara ndani ya rimu. Ukiiona mapema, kabla ya mlio, kifuko na grisi mpya vinaweza kutosha. Ukiisikia tayari inalia, vumbi letu limeshaingia na kula chuma. Kubadilisha kifuko peke yake ni kupoteza pesa.

Kuvuma kunakopanda na mwendo, kama ndege iliyo mbali: rulema ya gurudumu, au tairi zilizoliwa vibaya. Barabara ikiwa wazi, yumbisha gari taratibu. Ukielekeza kushoto uzito unahamia kulia; mvumo ukikua hapo, mshuku gurudumu la kulia. Kinyume chake ni kinyume chake. Gari likiinuliwa, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni rulema au rotile ya chini. Likicheza ukilishika kushoto na kulia, angalia rotile za volani.

Kulia kwa sauti nyembamba asubuhi, kisha kunapotea: kuruwa, yaani mkanda wa moteri. Nyunyiza maji kidogo kwa mbali, vidole, kitambaa na nywele vikiwa mbali kabisa. Mlio ukibadilika ghafla, mkanda umechoka au umelegea. Volani ikinguruma unapoikunja, angalia kwanza kiasi cha mafuta yake.

Fre zikilia wiii ukikanyaga: plaketi nyingi zina ulimi wa chuma unaogusa disiki makusudi ili kukuonya. Plaketi iliyobaki chini ya milimita 3 isisubiri. Ukiacha, chuma kinakula disiki, na hapo unanunua vyote viwili. Kama inalia muda wote hata usipokanyaga, kumbuka kijiwe changu.

Tik-tik-tik nyepesi juu ya moteri: vuta joji, ule ufito wa kupimia, upime mafuta ya moteri, gari likiwa tambarare na limezimwa dakika chache. Fanya hivi kabla ya kwenda popote. Mlio kama wa njugu ndani ya kopo unapopanda mlima na mzigo mara nyingi ni esansi (petroli) mbaya. Jaza kwenye kituo kingine usikilize tena. Puf-puf karibu na moteri ni moshi unaovuja. Usiendeshe vioo vimefungwa, na usiuache, maana moshi ule unaua bila harufu ya kukuonya.

Hatua ya 5: Mbele ya fundi

Tafuta mwenye gari la aina yako mtaani, umuulize nani hulishika lake. Fundi aliyezoea Toyota Noah kila siku atasikia Noah yako haraka kuliko bingwa wa malori. Nenda asubuhi, siku ya kazi. Kama kelele hutoka moteri ikiwa baridi, liache gari lilale pale, aliwashe mwenyewe asubuhi.

Salimia, toa karatasi yako, soma kelele kama ulivyoiandika, unyamaze. Kisha mwambie: "Papa, tupande pamoja uisikie." Hapa ndipo pa kushikilia. Mzungushe kwenye mawe yale yale, kona ile ile. Halafu umwachie volani. Fundi asiyekubali kupanda na tayari ameshaita kijana alete kriki, mshukuru uondoke. Hajasikia kitu bado.

Mkirudi, lipa kutazama peke yake kama anadai, na ulipe kwa moyo. Saa moja ya mtu anayejua kusikiliza ina thamani kuliko piesi. Akishapata, neno lako ni moja: "Nionyeshe." Rotile mbovu inacheza ukiisukuma kwa chuma, mpira uliopasuka unaonekana, rulema iliyokufa inakwaruza ukiizungusha kwa mkono. Piga picha. Asipoweza kukuonyesha, mwambie mnasubiri, bila ugomvi. Na akikuambia "tubadilishe hii kwanza tuone", jua kwamba majaribio hayo yanafanywa na mfuko wako.

Mimi ni mwanamke, na najua wenzangu wanavyoongeleshwa garajini: "Mama, kaa pale kivulini, tutakuita." Usikae. Simama karibu, uliza jina la kila kitu kinachotoka. Mafundi wengi wazuri hufurahi kufundisha.

Jambo jingine halihusu gari, lakini nakuomba ulisimamie. Vijana wanaojifunza kazi huingia chini ya gari lililoinuliwa na kriki peke yake, juu ya ardhi yetu ya mawe yasiyo sawa. Kataa. Kazi nzima isimame mpaka magogo mazito ya mbao au viti vya chuma viwekwe. Jiwe la lava lisitumike, lina matundu ndani na hupasuka bila taarifa. Ni mtoto wa mtu yule.

Hatua ya 6: Bei na piesi

Kabla ya boloni ya kwanza, andikeni kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, upande gani, piesi gani, mpya au okazioni (iliyokwisha kutumika), bei ya mkono wa fundi peke yake, bei ya piesi peke yake, dola au franga na kwa kiwango gani, siku ya kumaliza. Na mstari huu: *asifungue kingine bila kunipigia simu*. Nyote mtie sahihi. Karatasi hiyo inamlinda fundi kama inavyokulinda wewe.

Toa pesa za piesi. Za kazi zibaki mpaka gari limejaribiwa.

Piesi nenda nazo mwenyewe. Iwe Birere hapa mjini au ng'ambo Gisenyi, Rwanda, beba ile ya zamani mkononi na picha ya namba ya shasi. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na kardani zenye meno tofauti. Hesabu meno hapo dukani, linganisha urefu. Kuhusu asilimia anayopata fundi akikupeleka dukani, kila mtu anajua ipo. Ninachofanya ni kumlipa kazi yake vizuri na wazi, ili asilazimike kuificha ndani ya bei ya rotile.

Okazioni ninakubali kwa mlango, taa, redio, hata kardani ikikaguliwa. Kwa plaketi, mikanda, rotile na mipira ya fre sikubali kamwe, hata muuzaji aape. Amortiseri na plaketi hubadilishwa kushoto na kulia pamoja. Biyeleti inaweza kubadilishwa moja, ingawa mwenzake hatachelewa.

Hatua ya 7: Kulichukua gari

Ulipoliacha gari, ulipaswa kupiga picha ya kilomita, sindano ya esansi, betri na tairi la akiba. Zilinganishe sasa. Omba piesi zote za zamani, na uwe ulisema tangu mwanzo kwamba utazitaka. Kisha pandeni tena pamoja: mawe yale yale, kona ile ile, vioo wazi. Kelele ikiwa imekwisha, malizia malipo hapo hapo. Fundi naye ana watoto. Ikiwa ipo, usipaze sauti. Rudi na karatasi, onyesha ulichoeleza, na muombe atafute tena bila malipo mengine ya kazi.

Kama rotile za volani zimeguswa, magurudumu yapangwe upya, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja na baada ya muda zitavuma, nawe utadhani ni rulema.

Na kila gurudumu lililovuliwa, likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kaza kwa msalaba, boloni moja kisha ile inayoitazama, magurudumu yakiwa chini. Mimi huacha spana yangu kwenye kiti cha mbele siku hizo, ili niione kila nikiingia garini.